Kuishi kijijini Tabora kwa mshahara: bajeti hupangwa Juni

Mtumishi anayepangiwa Sikonge, Kaliua, Urambo au Uyui huambiwa na kila mtu kwamba huko maisha ni rahisi. Kwenye kodi ya nyumba wanasema kweli. Lakini anayefika Januari au Februari hukuta mahindi yamepanda, nyanya hazipo sokoni, barabara ya mbugani imekatika na bodaboda anataka mara mbili ya nauli ya kiangazi. Akimaliza mwezi anagundua mshahara umeisha tarehe ileile aliyozoea kuishiwa mjini. Kosa liko kwenye kupanga matumizi ya mwezi kwa mwezi katika mkoa ambao bei zake zinafuata mvua.

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mei mpaka Oktoba ni kiangazi. Kwa hiyo mavuno makubwa ni mara moja tu kwa mwaka: karanga zinaanza Aprili, mahindi makavu Mei na Juni, mpunga kati ya Mei na Julai, viazi vitamu humohumo. Masoko ya tumbaku ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, nayo hufanyika katika miezi hiyo. Malipo ya tumbaku yakitoka, bei ya mbuzi, matofali, mafundi na pikipiki hupanda kwa wiki kadhaa, hivyo ukitaka kujenga banda la kuku au kununua mbuzi wa kufuga, fanya kabla wakulima hawajalipwa. Mahindi yanakwenda kinyume chake. Mkulima ana deni la mbolea na watoto wanaodai sare, anauza Juni kwa bei yoyote. Hapo ndipo mwenye mshahara anapata unafuu wa mwaka mzima, mradi anajua kuhifadhi.

Mahindi ya mwaka

Mtu mzima ambaye ugali ndio chakula chake kikuu hula karibu nusu kilo ya unga kwa siku. Familia ya watu wazima wawili na watoto watatu hutumia kilo 50 hadi 60 kwa mwezi, yaani magunia saba hivi ya kilo 100 kwa mwaka wakila dona. Wakila sembe, ongeza karibu robo, maana kukoboa kunaondoa pumba na kiini. Pumba hizo ni zako, zidai. Kuna vinu ambavyo mteja asipouliza zinabaki palepale, na kuku wako wanazihitaji. Kama wali, viazi na muhogo vinaingia mezani mara kwa mara, toa magunia mawili kwenye hesabu.

Debe ni lita 20, na debe la mahindi makavu lina kilo 17 hadi 18. Debe sita ni gunia. Matatizo ya kununua kwa debe yanajulikana: debe lililobonyezwa kitako au ubavu, na mahindi mabichi yanayojaza debe kwa uvimbe kisha yakikauka nyumbani yanapungua. Nunua kwa mzani inapowezekana.

Tuseme debe ni shilingi 9,000 mwezi Juni na 16,000 mwezi Februari. Kwa debe 42, tofauti ni shilingi 294,000. Ni kweli usingenunua yote kwa bei ya Februari, kwa kuwa bei hupanda taratibu. Chukua nusu yake, karibu 150,000. Hata ukitoa gharama ya mifuko ya kuhifadhia na usafiri wa kutoka shambani, bado ni pesa ya maana. Weka bei za kijiji chako kwenye hesabu hiyohiyo uone. Asiyekuwa na fedha ya magunia saba kwa mkupuo anunue mawili Mei, matatu Juni, mawili Julai. Kukopa benki kwa ajili hii sikushauri, riba itakula faida yote.

Kinachoharibu mpango huu ni unyevu na mdudu, kwa mpangilio huo.

Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13. Asiye na kipimo atumie chumvi. Kausha chumvi kwanza juani au kwenye kikaango, kwa sababu chumvi ya dukani mara nyingi imeshavuta maji. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika moja au mbili kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yako tayari. Anika juu ya turubai, usianike ardhini, kwa kuwa udongo unarudisha unyevu usiku na kuleta vimelea vya ukungu. Mahindi yaliyofungwa mabichi huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kusaga wala kupika.

Mdudu wa kuogopa ni dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na Tabora ndiyo sehemu ya kwanza Afrika alikoonekana, mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu walimpachika jina la Scania, kama yale malori. Fukusi wa kawaida huacha tundu, dumuzi huacha unga. Ukiona vumbi jeupe limejaa chini ya gunia, ni yeye. Anapenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu gunzi humpa mahali pa kujikita akichimba, hivyo kuweka mahindi na magunzi yake kwenye kihenge ni kumkaribisha. Pukuchua kwanza. Huyohuyo hula muhogo mkavu na michembe, na hutoboa hata mbao za ghala, kwa hiyo chumba kilichohifadhi mazao mwaka jana kifagiliwe hadi kwenye nyufa na masalia yachomwe.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni dawa ya vumbi. Kiambata cha pirimiphos-methyl kinaua fukusi vizuri lakini dumuzi anakivumilia. Permethrin ndiyo inayomuua dumuzi. Ndiyo maana dawa za huku zina vyote viwili, na anayenunua yenye kimoja tu hulalamika baadaye kwamba ameuziwa bandia. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100, ikichanganywa na koleo juu ya turubai mpaka punje zote ziguswe. Kuimwaga juu ya gunia lililojaa ni kupoteza fedha. Fuata maelekezo ya pakiti kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kula, na osha mahindi kabla ya kusaga.

Ya pili, na mimi naipendekeza kwa chakula cha nyumbani, ni mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la PICS. Ina tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na wa kiroba nje. Wadudu walioingia na mahindi hutumia oksijeni iliyomo, ikiisha wanakufa. Hakuna dawa. Ujaze hivi: puliza kila mfuko wa nailoni na uubane kusikiliza kama unavuja. Mimina mahindi kwenye wa ndani kidogo kidogo huku ukishindilia hewa itoke. Acha shingo ndefu, isokote, ikunje, ifunge kwa kamba ya mpira, halafu fanya hivyohivyo kwa wa pili, mwisho kiroba. Weka juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa mkono, na usifungue kwa miezi miwili au zaidi.

Inaposhindikana, sababu ni zilezile: panya ametoboa, kipande cha gunzi kimechana nailoni, au mama wa nyumba anafungua mfuko kila wiki kuchota debe moja. Kila ukifungua, hewa inaingia na walionusurika wanaanza upya. Tumia mifuko ya kilo 50 badala ya 100, ufungue mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine. Panya dawa yake ni paka na chumba kisicho na masalia ya chakula sakafuni.

Maharage hayahitaji mifuko hiyo. Dumu la lita 20 lenye mfuniko mzuri, likijazwa mpaka shingoni bila kuacha nafasi ya hewa, linatosha. Mpunga hifadhi na maganda yake, ukakoboe kidogo kidogo. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 65 za mchele. Ukiukausha kwa jua kali mpaka ukapasuka, utapata chenga nyingi.

Mboga nazo zina mwaka wake. Majani ya kunde na maboga yamejaa Januari hadi Machi, na uyoga wa miombo hutoka humohumo. Ifikapo Septemba, fungu la mchicha linapatikana tu kwa wenye bustani kando ya lambo. Wanyamwezi na Wasukuma walishamaliza tatizo hili: majani ya kunde yanachemshwa na kuanikwa kuwa nsansa, viazi vitamu vinakatwa vibichi na kuanikwa kuwa michembe, au vinachemshwa kwanza kuwa matobolwa. Watumishi wageni huvidharau hivi kama chakula cha njaa, kisha wananunua mkate uliosafiri siku nzima kwa ajili ya kifungua kinywa. Matobolwa, karanga na chai ni kifungua kinywa bora kuliko mkate huo.

Jambo moja kuhusu Februari. Ni mwezi wa njaa, na wenye mishahara hufuatwa na wakulima wanaotaka elfu ishirini leo wakulipe gunia Juni. Wapo watumishi waliojijenga kwa biashara hiyo. Kijiji kinawafahamu, na wanachopata kwenye gunia wanakipoteza siku wanapohitaji msaada.

Maji

Hapa ndipo gharama ya kweli ilipo, na haionekani kwenye bajeti kwa sababu hulipwa kwa sarafu na kwa muda wa mtu. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa itale, maji ya chini ni haba, na visima vifupi vya pembezoni mwa mbuga hupungua kuanzia Agosti. Kabla ya kukubali nyumba, uliza mambo matatu: kituo cha kuchotea kiko umbali gani, pampu inaendeshwa kwa dizeli au kwa sola, na mwezi Oktoba watu huchota wapi. Swali la tatu ndilo muhimu zaidi. Pampu ya dizeli ina bei ya juu kwa ndoo na husimama jumuiya ya watumiaji maji ikiishiwa fedha ya mafuta.

Kwa nyumba ya bati, mvua ndiyo chanzo rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Toa moja ya tano kwa kinachoruka na kuvuja. Paa la mita 40 za mraba likipata milimita 900 kwa msimu linakusanya lita 28,800. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Tangi la lita 2,000 hujaa kwa mvua ya milimita 63 tu, mengine yote yanamwagika.

Kwa hiyo usihesabu tangi kwa matumizi yote. Familia ya watu watano inatumia lita 100 hadi 125 kwa siku, na tangi la 2,000 litaisha ndani ya wiki tatu. Lakini kwa kunywa na kupika peke yake, lita 30 kwa siku zinatosha, na tangi hilo linakwenda miezi miwili. La lita 5,000 linakaribia kuvuka kiangazi chote, siku 180 zikihitaji lita 5,400. Maji ya kufua na kuoga endelea kuchota kisimani.

Tangi lililojaa lita 5,000 lina uzito wa tani tano. Lisimamishwe juu ya msingi wa matofali au mawe uliojazwa kifusi, ukashindiliwa na kusakafiwa juu, tambarare na mpana kuliko kitako cha tangi. Matangi mengi yanayopasuka yamewekwa juu ya fremu ya mbao ambayo mchwa wameshaila, au juu ya sakafu yenye kokoto iliyochomoza. Mvua mbili za kwanza za Novemba zielekeze nje, kwa sababu zinaosha vumbi la miezi sita na vinyesi vya popo. Weka wavu kwenye mdomo, la sivyo unafuga mbu.

Maji ya kisima yenye tope yaache yatulie usiku, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo uweke klorini. Ukiiweka kwenye tope inaishia kwenye tope.

Umeme, mkaa, gesi

Kuunganishiwa umeme kijijini kupitia miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni shilingi 27,000. Kinachogharimu zaidi ni kutandaza nyaya ndani. Nyumba ya chumba kimoja au viwili inaweza kutumia kifaa cha UMETA, kinachokuja na soketi na swichi zake bila kutandaza nyaya.

Fahamu tarifu yako. Mteja wa matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Akizidisha, uniti inayofuata ni 350 kabla ya kodi. Tarifu ya kawaida, T1, ni 292, sawa na 356 na kodi. Wapangaji watatu wanaochangia mita moja ya D1 huvuka uniti 75 kabla ya katikati ya mwezi na kuanza kulaumiana nani ana pasi. Friji dogo peke yake hula uniti 30 hadi 45 kwa mwezi. Pangisha mahali penye mita yako, hata kama kodi ni kubwa kidogo.

Ukiwa D1 peke yako, sufuria ya umeme ya presha ndiyo nishati nafuu kuliko zote. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa takriban nusu uniti, yaani shilingi 60 hivi. Hakuna mkaa wa bei hiyo. Umeme ukikatika, na wakati wa mvua za radi utakatika, uwe na jiko banifu na nusu gunia la mkaa mkavu uliowekwa ndani tangu Oktoba. Mkaa unaonunuliwa Januari umelowa, unalipia maji. Kuhusu gesi, mtungi wa kilo 6 kwa chai, mboga na ugali hukaa wiki tatu hadi nne. Kabla ya kununua mtungi uliza wakala wa hapo anabadilisha mitungi ya kampuni gani, maana kuupeleka Tabora mjini kujaza kunakula tofauti yote.

Mkaa wa kutumia nyumbani hauna shida. Anayebeba magunia kwenda mjini kwa ndugu bila kibali na stakabadhi za TFS, wakala wa misitu, atayaacha kizuizini.

Nyumba na afya

Kagua mchwa kwanza: njia za udongo ukutani, kenchi zinazotoa sauti ya uwazi ukizigonga. Oktoba ni mwezi wa joto kali na nyumba ya bati isiyo na dari hailaliki hadi saa tano usiku. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka. Andikishaneni mbele ya mtendaji wa kijiji.

Malaria ichukue nafasi yake kwenye bajeti. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Tabora juu ya mikoa yote, takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakikutwa na vimelea. Wavu wa madirisha na chandarua chenye dawa kwa kila kitanda ni gharama ya mara moja. Homa yoyote ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo zahanati. Kununua dawa mseto dukani bila kipimo ni kutibu ugonjwa ambao pengine hauna. Bima ya mtumishi inafanya kazi, ila dawa ikiisha zahanati utanunua kwenye duka la dawa muhimu kwa fedha zako, na rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, Kitete mjini au Nkinga kwa walio upande wa Igunga inadai nauli ya watu wawili. Tenga fedha hiyo kama amana isiyoguswa.

Kwa wanaoingia porini Urambo, Kaliua na Sikonge: mbung'o huvutwa na nguo za bluu iliyoiva na nyeusi. Vaa khaki. Malale ina historia ndefu kwenye misitu hii, na homa isiyosikia dawa ya malaria baada ya kuumwa na mbung'o iambie zahanati waziwazi.

Usafiri na fedha mkononi

Lami imefika: Tabora hadi Nzega, Tabora kuelekea Urambo na Kaliua, Tabora kupitia Sikonge hadi Mpanda. Gharama iko kwenye kilomita za mwisho, kutoka lami hadi kijijini. Kwenye miinuko ni mchanga, mabondeni ni mbuga ya udongo mweusi unaoganda kwenye tairi mpaka zigome kuzunguka. Vitu vizito, yaani saruji, bati, magunia na tangi, vivuke kabla ya katikati ya Novemba. Mwenye pikipiki ajaze mafuta kituoni, ambako bei kikomo hutangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kila mwezi. Petroli ya chupa barabarani ni ghali, na ikichanganywa na mafuta ya taa inaziba plagi.

Mashine za ATM ziko makao makuu ya wilaya, kijijini kuna mawakala. Makato ya kutoa fedha yanapanda kwa ngazi, hivyo kutoa 10,000 mara kumi ni ghali kuliko kutoa 100,000 mara moja. Tatizo kubwa zaidi ni wakala kuishiwa noti. Mishahara inapoingia, walimu, wauguzi na watendaji wote wanamfuata wakala mmoja kwa siku mbili, na msimu wa tumbaku ukiangukia hapohapo fedha taslimu zinaisha kabla ya saa nne asubuhi. Acha salio la kukutosha wiki moja lisiloguswa, utoe ile wiki ya katikati ya mwezi ambapo wakala ana noti na hana foleni. Ukihitaji fedha nyingi ya kununulia magunia, mwambie siku mbili kabla, na mkutane ndani ya duka lake, mlango umefungwa.